Jezi ya kipa iliyogombanisha Troyeville na La Rochelle

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mafundi magari wa ghorofa ya chini hawajaanza kugonga mabati, na Goreth Ndayisenga yuko tayari kwenye kiti chake. Kabla ya kugusa nguo ya mteja, anachukua kipande cha kitambaa chakavu, anakipitisha chini ya sindano, anakigeuza, anaupapasa mshono kwa kidole gumba. Haujamridhisha. Analegeza uzi kidogo, anajaribu tena.

"Cherehani usiiamini asubuhi," anasema bila kuinua macho. "Jana ilishona vizuri, leo imeamka na mambo yake. Kama mtu tu."

Chumba kiko juu ya gereji, hapa Jeppestown, mashariki mwa katikati ya jiji la Johannesburg. Kina vyerehani vinne, ovaloki moja ya kumalizia pindo, pasi mbili, na mashine ya kubandikia namba ambayo haifungi mpaka ipigwe goti. Mwenye chumba ni Othmani, fundi suti kutoka Tanga. Cherehani moja ni ya Goreth; kila Ijumaa humlipa Othmani randi mia tatu za nafasi na mashine nyingine. Akishatoa hizo na hela ya nyuzi, wiki nzuri humwachia randi elfu moja na mia nne. Wiki mbaya hapendi kuitaja.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura, na alifika Johannesburg miaka kumi na miwili iliyopita, amemshika mkono binti wa miaka mitano. Anaishi Troyeville, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kazini, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Watu wa huko, Wakongo kwa Warundi, humwita Mama Arlène, kwa jina la huyo binti. Ni jina la heshima.

Kwa miaka mitatu sasa jina hilo humchoma kila likitajwa, maana Arlène haishi naye. Anaishi kusini mwa jiji, ng'ambo ya vilima vya mchanga wa migodi, mtaa wa La Rochelle, nyumbani kwa Inès, mdogo wake Goreth.

"Ilikuwa iwe muhula mmoja tu," anasema Goreth.

Shule za karibu na Troyeville zilikuwa zimejaa, na kule La Rochelle nafasi ikapatikana. Inès ni msusi. Ana saluni mbele ya nyumba na chumba cha ziada nyuma. Goreth wakati huo alikuwa akitoka kazini kiza kimeshaingia. Ikaonekana ni jambo la busara.

"Nikamfungia begi, nikamwambia, likizo utarudi. Likizo ikafika, akarudi kweli. Akakaa siku nne. Ya tano akaanza kuuliza wale watoto wa mama mdogo wanaendeleaje."

Inès ana wavulana wawili wadogo wanaomfuata Arlène kama vifaranga. Ni nyumba ya vicheko, ya vikaushio vya nywele, ya wateja wanaoingia na habari zao. Goreth akipiga simu jioni, zile kelele zote humfikia sikioni, naye amekaa peke yake na sahani moja. Siku moja, katikati ya mazungumzo, alimsikia binti yake akiita, "Maman, ufunguo uko wapi?" Goreth alishafungua mdomo ajibu. Kumbe aliyeulizwa ni Inès.

"Kwa desturi yetu dada wa mama ni mama. Hakuna kosa hapo," anasema. Anakata uzi kwa meno. "Ndiyo maana wivu wangu haukuwa na mahali pa kwenda kushtaki."

Troyeville na La Rochelle zina ugomvi wao mwingine, wa hadharani, na huo kila mtu anaujua. Kila mtaa una timu ya soka ya wasichana. Wachezaji ni mabinti wa Kikongo na wa Kirundi waliokulia hapa, wanaogombana kwa Kizulu na kupatana kwa Kiingereza, na Kiswahili hukisikia zaidi mama anapokasirika. Kila Septemba timu hizo mbili hukutana Jumapili moja kwenye uwanja wa Bezuidenhout Valley. Hawagombei kikombe. Wanagombea sufuria.

Ni sufuria ya aluminiamu, kubwa kiasi cha mtoto kuoga humo. Ilinunuliwa kwa michango ya mitaa yote miwili, kwa ajili ya harusi na misiba. Kwa kuwa hakuna aliyekubali ilale kwa mwenzake, ikaamuliwa mpira uamue. Mtaa unaoshinda hukaa nayo mwaka mzima. Unaoshindwa ukipatwa na shughuli, huenda kuazima. Kwa miaka miwili mfululizo, watu wa Troyeville ndio waliokuwa wakienda kuazima.

"Uchungu wake wewe hujauonja," anasema Mamie, mama wa Bukavu mwenye sauti ya kengele, anayeuza vitenge na kuiongoza timu ya Troyeville. "Umefiwa. Unalia. Na bado inakubidi upige simu La Rochelle. Wanakujibu: pole sana, mama, Mungu awatie nguvu, lakini mtairudisha lini? Eish! Hata maiti anaona haya."

Kocha wa La Rochelle ni Libère, mume wa Inès, ambaye siku za kazi ni mlinzi getini kwenye ghala moja. Na golikipa wake, aliyewanyima Troyeville sufuria mara mbili, ni Arlène. Kwa hiyo Goreth, mkazi wa Troyeville, miaka miwili mfululizo aliondoka uwanjani hajui afurahi au anune. Majirani walimtazama kwa jicho la pembeni. Wa kule ng'ambo walikwenda kumkumbatia Inès.

Mwezi Agosti mwaka huu, Libère alipanda ngazi za Jeppestown akiwa na kazi mkononi: jezi mpya kumi na tano, randi mia na ishirini kila moja, bei ya ukoo. Goreth akapokea. Habari zikamfikia Mamie kabla kitambaa hakijakatwa, naye akapanda ngazi hizohizo.

"Mama Arlène, ni kweli unawashonea maadui?"

"Nawashonea wateja."

"Basi washonee vibaya kidogo, dada yangu. Kidogo tu. Wabane kwapa."

Walicheka wote, hata Othmani aliyekuwa na pini mdomoni. Hakuna aliyejua kwamba utani huo ungekuja kugeuzwa ushahidi.

Vipimo vililetwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Inès. Majina kumi na tano, na mbele ya kila jina kifua, bega, urefu wa mkono. La mwisho lilikuwa Arlène. Kifua tisini na tatu. Bega arobaini na moja.

"Nilisoma nikacheka," anasema Goreth. "Bega arobaini na moja? Huyu ni binti yangu au ni mbeba mizigo?"

Alikuwa na daftari lake mwenyewe. Ndani yake mna vipimo vya Arlène vya ile wiki aliyomfungia begi, alipomshonea sare ya shule. Kifua themanini na mbili. Bega thelathini na sita. Akaziweka namba mbili hizo sambamba, ya daftari na ya karatasi, akazitazama muda mrefu.

Othmani alikuwa ameshaona. "Dada, mtoto hukua bila kukuomba ruhusa," alimwambia. "Chukua simu, muulize mwenyewe."

"Mwanangu simpimi kwa simu. Na Inès ni msusi. Futi ya kupimia kaijulia wapi?"

Hakupiga simu. Akalichukua bega la daftarini, akaliongezea sentimita mbili za ukuaji. Kifuani akaongeza nne. Akaona amefanya ukarimu. Kisha akafanya jambo jingine. Jezi kumi na nne alizikata kwenye kitambaa cha kawaida cha michezo, chepesi, kinachovutika. Ya kumi na tano, ya kipa, alikwenda kuinunulia kitambaa kwa hela yake mwenyewe, kizito cha kijani kinachong'aa, akaishona mikono mirefu, mshono juu ya mshono.

"Nilitaka ikitoka kwenye mfuko, kila mtu aseme: hii imeshonwa na mama yake," anasema. "Si na mwingine. Na mama yake."

Kitambaa kile hakivutiki hata kidogo. Fundi wa mwezi mmoja angelijua hilo. Goreth ana miaka kumi na tisa katika kazi hii.

Kosa kama hilo kwa kawaida hugunduliwa nguo inapojaribiwa. Lakini katika timu hizi mbili jezi mpya haijaribiwi. Hukaa ndani ya mfuko uliofungwa mpaka siku ya mechi. Mchungaji huuombea mfuko pale uwanjani, kisha kocha huita majina, na kila msichana huvaa mbele ya watu. Kuivaa kabla ni kujitafutia nuksi. Libère huulalia mfuko huo ili wavulana wake wasiuchezee.

Jumapili ya mechi upepo wa Septemba ulikuwa ukirusha vumbi machoni. Troyeville walikaa upande wa miti, La Rochelle upande wa barabara. Goreth alisimama karibu na kibendera cha kona, mahali ambapo si kwa hawa wala kwa wale. Alikuwa amesuka nywele.

Majina yakaitwa. Ilipofika zamu ya kipa, kile kijani kikawaka juani, na watu wakaguna kwa kupendezwa. Mwanamke mmoja wa La Rochelle akapaza sauti kwa furaha: "Mama Arlène, jamani, umeona mtoto alivyopendeza?"

Goreth akageuka akitabasamu. Upande wa pili Inès naye akageuka. Yule mwanamke alikuwa akimtazama Inès.

"Nikajua huko ninaibiwa mpaka jina," anasema Goreth.

Arlène alikuwa bado anahangaika na jezi. Kichwa kilipita. Kifua kilipita kwa kuvutwa na wenzake wawili, huku wakimcheka kwamba amenenepa kwa ugali wa La Rochelle. Mabega yakagoma. Miaka mitatu ya kupangua mipira ya Libère kila jioni ilikuwa imemjenga mgongo ambao mama yake hajawahi kuushika. Alipojaribu kuinua mikono, ilifika usawa wa masikio ikakwama.

Jezi yake ya zamani ilikuwa kwenye kamba ya nguo, La Rochelle. Refa akapuliza kipenga.

Dakika ya kumi na moja, mshambuliaji wa Troyeville alipiga mpira wa juu ambao Arlène angeudaka amelala usingizi. Ulipita juu ya vidole vyake. Upande wa miti wakarukaruka. Dakika ya thelathini ukaja mwingine, vilevile. Mamie alikuwa ameshagundua. "Juu! Juu! Pigeni juu, hana mikono!" alikuwa akipiga kelele huku akikimbia pembeni ya uwanja, kitenge amekishika mkononi.

Wakati wa mapumziko, Inès alifungua mkoba wake akatoa mkasi wa saluni. Akamkalisha Arlène kwenye kreti la soda, akaingiza ncha ya mkasi kwapani, akakata. Kwapa la kulia, kisha la kushoto, kisha mshono wote wa bega. Goreth alikuwa akitazama kutoka kona. Anasema kila mshono uliokatwa aliusikia.

Kipindi cha pili Arlène hakupitwa na kitu. Mikono ilikuwa ikiruka na vipande vya kijani vikipepea kama majani ya mgomba. La Rochelle wakarudisha bao moja. Halikutosha. Mbili kwa moja, na sufuria ikapakiwa kwenye gari la Troyeville.

Ndipo Mamie alipomkumbatia Goreth mbele ya watu wote, akamnyanyua kutoka chini. "Sindano imefunga mabao mawili! Nilimwambia awabane kwapa, akawabana! Huyu ndiye mtoto wa Troyeville!"

Inès alivuka uwanja, mkasi bado mkononi.

"Dada, nilikuandikia arobaini na moja. Kwa mkono wangu."

Goreth akautazama mkasi.

"Ulikuwa na karatasi. Ulikuwa nayo! Sufuria tu ndiyo imekufanya umfunge mtoto kamba? Kulea mimba si kazi, dada. Kazi ni kulea mwana."

Nyuma ya Inès alikuja Arlène, vumbi usoni, kijani kikimning'inia kwenye kiwiko. Akauliza swali moja tu.

"Mama, ulifanya makusudi?"

Wale wa upande wa miti walikuwa wakiimba. Wale wa upande wa barabara walikuwa wakisubiri. Goreth alimtazama binti yake mabegani, mara ya kwanza kwa miaka mitatu alimtazama hasa, na akaona kwamba ni kweli, ni arobaini na moja, labda na nusu.

"Nilikuwa na majibu mawili," anasema. "La kwanza, ndiyo, nilikuhujumu. La pili, hapana, sikukujua mwili wako. Nikaona la kwanza linanipa aibu ndogo kuliko la pili. Lakini hata hilo sikulisema. Nilinyamaza, wakanichagulia wenyewe."

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Troyeville walimpenda kupita alivyowahi kupendwa. Mwenye spaza, kiduka cha kona, alimpa mkate bila hela. Mamie alikuwa akimtambulisha kanisani kama mtu aliyeikomboa Bukavu. Lakini simu alizompigia Arlène hazikupokelewa. Ujumbe ulisomwa, alama zikawa za buluu, jibu halikuja.

Hata kazini pakatetereka. Timu ya wanaume ya jirani na hosteli ya wafanyakazi ilikuwa imeahidi jezi ishirini na mbili. Wakaja kuchukua kitambaa chao. Kwaya moja ikaahirisha sare.

Othmani ndiye aliyemwambia ukweli. "Watu wanaogopa, dada. Fundi anayekosea, mtu humrudishia nguo akarekebisha. Anayeharibu kwa makusudi, nani atampa kitambaa? Na mimi nilikuwepo hapa. Najua hukufanya makusudi."

"Na wewe usiseme."

"Mimi sisemi. Nashona tu."

Kuna desturi moja imebaki katika habari za sufuria. Mara ya kwanza inapopikiwa baada ya mechi, walioshindwa hualikwa, na ndio hupakuliwa kwanza. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, saa sita mchana, uani pa kanisa moja Troyeville. La Rochelle walikuja wote, maana kutokuja kungekuwa kushindwa mara ya pili. Libère alivaa suti. Inès alikuja na wanawe na Arlène, aliyeziba masikio kwa muziki.

Mamie alihutubia. Akasema mengi kuhusu akili, kuhusu umoja, kuhusu sindano. Kisha akamkabidhi Goreth upawa, awapakulie wageni. Foleni ikaanza. Wali, maharage, nyama ya mbuzi. Goreth alipakua bila kuinua uso mpaka ikaja sahani iliyoshikwa na mkono anaoujua, wenye alama ya pasi iliyomuunguza utotoni.

"Nyama au mchuzi?" Goreth akauliza.

"Chochote, anti," akasema Arlène.

Hivyo ndivyo wasichana wa Johannesburg humwita mwanamke yeyote dukani. Anti.

Goreth akauweka upawa kando. Wanaokumbuka wanasema kwanza walidhani ameungua.

"Sikilizeni," alisema. Sauti yake si ya kuhutubia, ikabidi watu wa nyuma wanyamazishane. "Mimi si shujaa wa mtu. Sikubana jezi kwa makusudi. Inès aliniandikia arobaini na moja. Karatasi ninayo mpaka leo. Nikaikataa kwa sababu ni mwandiko wa Inès. Ningeambiwa na mtu mwingine yeyote, ningekata arobaini na moja. Nikakata kwa daftari langu. Nilimshonea mtoto wa miaka kumi na minne. Sikujua kuwa ameshaondoka."

Mamie akauliza, kwa masikitiko ya kweli:

"Kwa hiyo hatukushinda kwa akili?"

"Mmeshinda kwa ujinga wangu."

"Basi mechi irudiwe!" akadakia Libère, amesimama na sahani yake.

"Ukae chini, shemeji! Ujinga wake ni wa Troyeville, ameupatia hapahapa! Sufuria haitoki!" akamjibu Mamie.

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja kikaenea pande zote mbili. Arlène hakucheka. Alikuwa ametoa vitu masikioni. Alisema jambo kwa Kiingereza, kwa hasira, halafu akalirudia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza ili mama yake alipate lote:

"Mama, si ungeniuliza tu? Mimi niko na simu. Ungeniuliza."

"Niliona haya kukuuliza."

"Kuniuliza mimi? Kipimo cha mwili yangu?"

"Ndiyo."

Binti alibaki amesimama na sahani tupu. Hakumkumbatia mama yake, na Goreth hasemi kwamba alimkumbatia. Alisogeza sahani mbele. "Nyama," akasema. "Mama, nipe nyama."

Saluni ya Inès, La Rochelle, iko pembeni ya robot, taa za barabarani, na zikiwa nyekundu magari husimama mlangoni kabisa. Inès ana miaka thelathini na minne. Husuka huku akiongea, na vidole havikosei.

"Dada anafikiri wivu ni wake peke yake," anasema. "Mtoto akiwa na homa, nakimbia naye mimi. Mwalimu akiita, naenda mimi. Halafu shule inaleta fomu, inauliza jina la mama. Naandika Goreth. Kila Januari naandika Goreth. Unafikiri kalamu ni nyepesi?"

Anavuta nywele za mteja, anafunga rasta nyingine.

"Siku ya mechi nilipokata ile jezi, nilikata kwa raha. Hilo nimemwambia pia. Nilikuwa nasubiri siku hiyo. Nguo ilikuwa nzuri mno."

Ndiye Inès aliyetoa wazo. Ndani ya saluni, upande wa dirisha, kuna nafasi ya meza moja. Wateja wanaosubiri kusukwa wana nguo za kupunguza, zipu za kubadilisha, sare za watoto. Goreth angeweka cherehani pale, akaacha kulipa randi mia tatu za kila Ijumaa. Arlène anaingia mwaka wake wa mwisho wa shule Januari, na hana mpango wa kuhama. Kama binti haji kwa mama, alisema Inès, mama aje.

Goreth aliomba apewe wiki moja ya kufikiri. Akachukua tatu. Wazo la kukaa siku nzima chini ya paa la mdogo wake, akiona kwa macho yale aliyokuwa akiyasikia kwa simu, lilimnyima raha. Troyeville walipopata fununu, Mamie alikuja na mfuko wa vitunguu, akaketi juu ya mzigo wa vitambaa.

"Unahamia kwa wale? Baada ya yote?"

"Nahamisha cherehani, Mamie. Kitanda kinabaki Troyeville."

"Na Septemba utakaa upande gani?"

"Nitakaa nyuma ya goli."

"Goli la nani?"

"La mwanangu."

"Kipindi cha pili wanabadilisha goli, mama," Mamie akamkumbusha, akaacha vitunguu, akaondoka anacheka peke yake ngazini.

Mwezi uliopita Goreth alianza kwenda La Rochelle kila Jumamosi kutazama mazoezi. Anakaa kwenye nyasi na kazi yake ya mkono. Arlène akimaliza huja kukaa karibu, si karibu sana, na huongea kuhusu mambo ambayo mama yake hayafuatilii yote. Jumamosi iliyopita kiu ilimshika katikati ya mazoezi, akakimbilia pembeni. Inès alikuwa amekwisha kumnyooshea chupa. Goreth pia alikuwa na chupa, ndani ya mkoba, hajaifungua.

"Iliniuma," anasema. "Nisikudanganye. Wivu haujatoka. Uko hapahapa, unakula na mimi."

Mafundi magari wameanza kazi. Sakafu inatetemeka, na Othmani amewasha redio. Goreth amebakiwa na majuma sita katika chumba hiki. Ameshaongea na kijana mwenye bakkie, pikapu ndogo, atakayebeba cherehani wiki ya kwanza ya Januari. Amepunguza bei ya wateja wake wa Troyeville ili wamfuate ng'ambo, na wanne wamekubali.

Shule ya Arlène hutoka saa nane na nusu. Kutoka getini mpaka saluni ni dakika kumi. Kwa miaka mitatu, saa hiyo Goreth amekuwa juu ya gereji hii, mguu kwenye pedali.

"Nataka awe anaingia ananikuta," anasema. "Nimpe chakula, avue viatu, anune kama watoto wengine. Nimekwisha kununua jiko dogo la umeme na sufuria ndogo ya kuweka chini ya meza."

Anaipitisha nguo chini ya sindano, anasimamisha mashine katikati ya mshono.

"Lakini siku hizi akitoka shule anapenda kula nini, sijui. Zamani ilikuwa ndizi na maharage. Nilikwenda sokoni Jumatatu nikazishika zile ndizi, nikazirudisha." Anaachia pedali. "Nitamuuliza kwanza."